Uzazi: Kauli ni ya Nani?



Chai uliyokunywa asubuhi ya leo, ikiwa ni ya Usambara, yawezekana sana kuwa ilipita katika mikono ya mwanamke. Huko Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya mashariki juu ya Muheza, mashamba ya chai yamepakana na msitu, na ukungu unapoanza kufunguka utawaona wachumaji na makapu migongoni, wake kwa waume. Ujira wa mchumaji hufuata uzito wa majani aliyopima. Asiyechuma hapimi, na asiyepima hana cha kupokea.

Hebu tumchukue mwanamke mmoja katika hao. Jina hatumpi, kwa sababu wako wengi wa hali yake. Ana watoto watano. Wa mwisho hajaacha ziwa, naye amemfunga kwa kanga na kumwacha kwa dada yake mkubwa, ambaye mwenyewe ni mtoto wa miaka tisa na kwa ajili hiyo hakwenda shule. Na tayari yako maneno mtaani: wa sita yuko wapi? Siku ikifika akazidiwa, hospitali ya Teule iko Muheza, chini ya mlima, na baina yake na hospitali hiyo pana barabara ya kona juu ya kona ambayo masika huifanya utelezi mtupu.

Je! Ni nani mwenye kauli juu ya huyu? Azae tena, apumzike, apumzike kwa muda gani? Wanaojitolea kumjibia ni wengi mno. Serikali ina jibu, mfadhili wa ng'ambo ana jibu, khatibu ana jibu, mama mkwe ana jibu, mume ana jibu. Na lililo ajabu, katika safu hiyo yote yeye mwenyewe husimama mwisho, kama kwamba tumbo ni la kijiji na yeye amepewa kulibeba tu.

Twaanza na serikali, maana huko hatutakawia. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, marehemu Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wana ng'ombe na ni wakulima, ya nini basi kuzuia uzazi, na kwamba wafanyao hivyo ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto wao. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni yaliyokuwa yakilipiwa na Marekani. Julai 2019, nyumbani kwake Chato, akarudia: wanawake waviachie vizazi, kwa kuwa watu wengi ndio uchumi, tazameni China. Kisha mwaka 2022 Rais aliyemfuata, Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Geita, akawaambia watu wapunguze kasi ya kuzaa, kwa kuwa madarasa na zahanati havitatosha.

Hatusemi kwamba kauli hizi mbili ni sawa. Ya pili ina hesabu ndani yake, na hesabu ni jambo la kheri: sensa ya 1967 ilipata watu milioni 12 na ushei, ya 2022 ikapata 61,741,120. Lakini zitazame kwa macho ya yule mama wa Kwamkoro. Juzi aliambiwa zaa, jana akaambiwa punguza. Hakuna aliyepanda mlima kumwuliza.

Na mfano wa China, kwa kweli, ulikuwa mfano mbaya kuliko yote. Nchi ile kuanzia 1980 hadi 2015 iliwalazimisha wengi wa watu wake kuzaa mtoto mmoja. India, katika siku za hali ya hatari, ilifunga vizazi vya watu zaidi ya milioni sita katika mwaka mmoja wa 1976 hadi 1977, wengi wao wanaume mafukara waliosukumwa na maafisa wenye idadi ya kutimiza. Romania ikaenda kinyume: amri ya mwaka 1966 ikakataza kutoa mimba na kufanya dawa za kuzuia uzazi kuwa adimu ili taifa liongezeke, na amri hiyo haikufutwa ila Desemba 1989 ulipoanguka utawala ule. Wanawake wengi walikufa katika vichochoro. Huyu asema zaa, huyu asema usizae, lakini wote wawili wamekaa juu ya kiti kimoja.

Wasambaa wanakijua kiti hicho. Baada ya Vita Kuu ya Pili, huko Mlalo na baadaye katika Usambara ya magharibi kwa jumla, Waingereza waliwaamuru watu walime matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha ilisemwa kuwa ni njema, na pengine ilikuwa njema. Lakini aliyeinama juu ya jembe alikuwa zaidi mwanamke, na aliyetoa amri hakuwahi kulishika. Watu wakagoma, wakapigwa faini, wakaendelea kugoma, na mnamo 1957 mpango ukaachwa. Ikiwa mtu hawezi kuamrishwa juu ya shamba lake la mahindi, ataamrishwaje juu ya mwili wake?

Sasa tuje nyumbani kwetu, ndugu msomaji, maana ni rahisi kuwasema marais na wageni. Huku kwetu Pwani, na misikitini huko milimani vilevile, yasemwa kwamba uzazi wa mpango ni njama ya Wazungu ya kuwapunguza Waislamu. Yasemwa kwa sauti kubwa na kwa dalili chache. Wala hatuwacheki wenye shaka, kwani shaka ina mizizi. Hiyo India tumeitaja. Na jirani zetu hapa Kenya, mwaka 2023 Mahakama Kuu iliwapa haki wanawake wenye virusi vya Ukimwi waliofungwa vizazi bila ridhaa ya kweli. Mtu aliyeyasikia hayo akimtazama muuguzi kwa jicho la wasiwasi hana kosa.

Lakini shaka si dalili. Na mwaka 2025 hoja ya njama ilipata pigo kutoka mahali isipotarajia. Serikali mpya ya Marekani ilikata misaada yake, na dawa za kuzuia uzazi zenye thamani ya karibu dola milioni 10, zilizokwisha kununuliwa, zikakwama ghalani huko Ubelgiji. Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizokuwa zimekusudiwa, kwa sindano zaidi ya milioni moja. Marekani ikatangaza kwamba itaziteketeza. Haya, mnaosema ni njama ya Wamarekani kutumaliza: yule mnayemtuhumu ameamua kuichoma silaha yake mwenyewe! Au mtasema sasa kwamba kutunyima nako ni njama? Ukweli ni mwepesi kuliko hivyo. Mtu wa Washington hakumjua mama wa Kwamkoro alipotoa, na hakumjua alipozuia. Na sisi, taifa la watu milioni sitini, tumekubali vipi jambo la nyumbani mwetu namna hii liwe linategemea ghala la Ubelgiji?

Tuiache siasa, tuingie katika dini, maana hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo wengi wanapozungumza bila kufungua kitabu.

Wasemao kwamba Uislamu umekataza kupanga uzazi huleta hoja tatu. Ya kwanza ni aya za Suratul Israa na Suratul An-am zinazokataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini. Tunaziamini. Lakini zinasema juu ya mtoto, nafsi iliyokwisha kuwa, kama walivyofanya Waarabu wa Ujahiliya kwa binti zao. Mtoto asiyetungwa hauawi. Hoja ya pili ni ile hadithi katika Abu Daud inayohimiza kuoa mwanamke mwenye mapenzi na mwenye kizazi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) atajifaharisha kwa wingi wetu. Nayo ni haki. Lakini haikutaja mtoto kila mwaka, wala haikumwondolea mtu akili. Na yuleyule Abu Daud amepokea hadithi nyingine, ambayo sijapata kuisikia katika hotuba za watu hawa: kwamba itafika siku umma utakuwa na watu wengi, lakini wengi wa povu lichukuliwalo na mafuriko. Basi wingi upi tutakaojifaharisha nao? Wa yule binti wa miaka tisa aliyeachwa nyumbani kulea?

Hoja ya tatu ni tawakali: riziki ya kila kiumbe iko kwa Mwenyezi Mungu. Hapana Mwislamu anayelipinga hilo. Lakini aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee, hakuambiwa kwamba imani yake ni dhaifu. Tena, ajabu ya tawakali hii ya wanaume ni kwamba haionekani sokoni. Mwenye duka Tanga hafungi hesabu kwa tawakali. Mwenye jahazi hatweki tanga bila kutazama upepo. Ni tumboni mwa mke tu ndipo tahadhari hugeuka kufuru.

Ama dalili za kuruhusu, ziko wazi kuliko za kukataza. Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, zama za Mtume (s.a.w.) na Qur'ani ikiendelea kushuka. Haya ameyasimulia Jabir bin Abdillahi (r.a.), na yamo katika Bukhari na Muslim, na katika mapokezi ya Muslim habari hizo zilimfika Mtume naye hakuwakataza. Ni kweli ipo hadithi ya Judama bint Wahb, nayo imo katika Muslim, inayoiita azli kuwa ni kuzika kwa siri, na Ibn Hazm aliishika hiyo akaharamisha. Lakini Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea kwamba Mayahudi ndio waliosema maneno kama hayo, na Mtume akawakadhibisha. Wengi wa wanachuoni walizikusanya hadithi hizi wakasema: si haramu. Waliokaa upande wa ukali zaidi wakasema ni makuruhu.

Imamu Ghazali, Mshafi kama tulivyo wengi wetu hapa Pwani, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111), alilieleza jambo hili katika kitabu cha ndoa ndani ya Ihyau Ulumid-Din. Alisema kwamba azli ni kuacha lililo bora, na si kutenda lililoharamu. Akahesabu nia zinazokubalika: kuuhifadhi uhai wa mke na hatari ya kuzaa, kuhifadhi afya na uzuri wake, na kuogopa mashaka yaletwayo na watoto wengi. Akahesabu pia nia mbovu, na mojawapo ni mtu kuogopa kuzaliwa watoto wa kike. Na kwa kuwa alijua watu wataichanganya azli na kutoa mimba, alizitenga kwa mfano ambao kila aliyehudhuria akidi ataufahamu: maji ya mmoja ni kama ijabu na ya wa pili ni kama kabuli. Ijabu ikisemwa na kabuli haijaja, hakuna aliyevunja mkataba. Vikishakutana ndipo kuharibu kunakuwa jinai, na jinai hiyo huzidi kadiri mimba inavyokua. Hapo ndipo tulipo, nasi hatutaongeza, kwani kutoa mimba ni mlango mwingine kabisa. Jambo moja tu: wanaoshtushwa na wasichana wanaokwenda kutoa mimba kwa mizizi na vijiti wangeshtuka zaidi kama wangejiuliza ni wangapi wasingefika huko lau wangepata sindano mapema.

Sasa swali lenyewe: kauli ni ya nani?

Hanafi, Maliki na Hambali wanashurutisha idhini ya mke aliye huru ndipo mume afanye azli. Ipo hadithi ya Umar (r.a.) katika Ibn Majah yenye maana hiyo, ingawa wajuzi wana maneno juu ya isnadi yake. Madhehebu yetu ya Shafii, tuseme kweli, yamelegea hapa, na wengi wa maimamu wake hawakuishurutisha idhini hiyo. Lakini hata waliolegea hawakusema kwamba mke hana haki. Na atokee mtu aseme: idhini hiyo ni ya mke anayetaka mtoto naye mume hataki, siyo ya mke asiyetaka na mume ataka. Hoja nzuri. Jibu lake liko katika Suratul Baqarah, aya ya 233. Aya hiyo yataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, kisha yasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya hapo basi iwe kwa kuridhiana wao wawili na kushauriana. Zingatia, ndugu msomaji. Mtoto amekwisha kuzaliwa, yupo mikononi, na jambo lenyewe ni maziwa. Hata hivyo Mola hakulikabidhi kwa baba peke yake. Je! Ataka kutuambia mtu kwamba kuachisha ziwa kwahitaji mashauri, lakini kuitia roho nyingine katika mwili wa mke hakuhitaji?

Na katika zama zetu wanachuoni hawakunyamaza. Mufti wa Misri, Sheikh Abdul-Majid Salim, aliruhusu kuzuia mimba kwa fatwa ya mwaka 1937. Desemba 1988 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait likapitisha mambo ambayo yafaa yabandikwe katika kila zahanati na kila msikiti. Haijuzu kutunga sheria ya jumla inayowawekea mipaka mume na mke katika kuzaa. Ni haramu kukata kabisa uwezo wa kuzaa pasipo dharura ya kisheria. Na yajuzu kuzuia kwa muda, ili kuachanisha watoto au kusimama kwa kipindi, ikiwa pana haja, pasipo madhara, kwa mashauri na maridhiano ya wote wawili. Ona jinsi azimio hilo lilivyozipiga pande zote. Waliotaka kuhesabia watu watoto wamekatazwa. Wanaoharamisha kila kitu wamekatazwa. Na mume anayeamua peke yake, naye pia.

Huyo mume ndiye tumebaki naye. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika wanawake walioolewa Tanzania, asilimia 31 hutumia njia za kisasa za kupanga uzazi, na kama mmoja katika kila watano ataka kupumzika au kukoma lakini hatumii njia yoyote. Kwa nini? Wengine huogopa madhara, na hofu hiyo haiondolewi na muuguzi anayejibu kwa mkato. Sindano huweza kuvuruga siku za mwanamke, na akiiacha huenda zikapita miezi mingi kabla kizazi hakijarudi. Kitanzi huweza kuzidisha damu. Aambiwe hayo kabla, siyo baada, na akitaka vijiti vitolewe vitolewe siku hiyohiyo bila kusemwa. Mwanamke aliyefichwa jambo moja hataamini jingine.

Lakini wengine hawatumii kwa sababu bwana amekataa, na wengine hutumia kwa kujificha, kadi ikawa imehifadhiwa kwa shoga. Hilo la kujificha huwaudhi sana wanaume, nao husema mke amefanya hiana. Bwana wee! Mke anayemficha mumewe kadi ya zahanati alifikishwa vipi hapo? Yamkini aliwahi kusema, akajibiwa kwa ukali. Yamkini aliwahi kuomba, akatishiwa ukewenza. Wapo nao waume wema ambao wangekubali lau wangeulizwa, nasi hatuwahukumu wote kwa mmoja. Lakini mwema huyo naye huwa hajapata kukanyaga kliniki hata siku moja, akidhani ile ni shughuli ya wake, na akisikia neno kitanzi hulisikia barazani, kwa kicheko.

Uzazi wenyewe umeanza kuwa salama kuliko zamani, alhamdulillah. Utafiti uleule wa 2022 ulikadiria vifo vya wazazi kuwa 104 kwa kila watoto laki moja wanaozaliwa hai, ilhali ule wa 2015 hadi 2016 ulikadiria 556. Hayo ni matunda ya wakunga, dawa, na wanawake kuzalia hospitalini. Lakini 104 bado ni wanawake, na mzazi wa sita aliyechoka, mwenye damu haba, juu ya mlima wenye barabara ya utelezi, yu karibu na hesabu hiyo kuliko mke wa mjini anayeishi mkabala wa hospitali ya Bombo. Aachwe aseme. Akitaka wa sita, azae kwa furaha, na asiwepo wa kumwita mjinga, kwani huo nao ni ujeuri, na tumeusikia sana kutoka kwa wasomi. Akitaka kupumzika miaka mitatu, apumzike, na asiwepo wa kumwita kafiri.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, mwendee khatibu wako kwa adabu umwombe aisome aya ile ya 233 mbele ya watu, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani yake mna pia kwamba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha ni juu ya baba, kwa wema. Mwulize ni lini mara ya mwisho alihutubia juu ya hilo.